Pete za Ziwa Engure

Ziwa Engure liko Latvia, magharibi mwa jiji la Riga, na kinacholitenga na bahari ni ukanda mwembamba wa mchanga na misonobari. Ni ziwa refu lisilo na kina. Sehemu kubwa yake mtu mzima anaweza kuivuka kwa miguu, maji yakimfika magotini. Mwaka 1842 watu walichimba mfereji hadi baharini ili wayapunguze maji. Ziwa likanywea, na mahali palipokuwa na maji pakaota matete, nyasi na visiwa vya magugu. Wakulima walijipatia malisho na majani ya kukata. Bata wakapata mahali pa kutagia.

Mwaka 1958 wataalamu wa ndege wa Latvia walianza utafiti wa kudumu hapo. Miaka michache baadaye kundi lao, ambalo Pēteris Blums na Aivars Mednis ndio majina yake yanayofahamika zaidi, lilijipa kazi inayoelezeka kwa sentensi moja na kutekelezeka kwa umri mzima: kila majira ya machipuko, kutafuta viota vya bata kimoja kimoja, kumnasa jike akiwa juu ya mayai yake, kumvika pete yenye namba, kuwavika pete vifaranga wake siku ileile wanayotoka kwenye yai, kisha kurudi mwaka unaofuata kuona ni nani amerudi. Uchambuzi wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1996 unahusu miaka ya 1964 hadi 1993. Katika muda huo walivika pete vifaranga zaidi ya 65,100 wa siku moja, na wakanasa majike wanaoatamia mara 10,211. Kati ya mara hizo, 3,713 zilikuwa za jike asiye na pete. Zilizobaki, 6,498, zilikuwa za jike ambaye tayari anayo.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Kumvika ndege pete kwa mara ya kwanza kunahitaji mikono myepesi na siku nzuri. Kumnasa tena ndege yuleyule, baada ya yeye kuvuka nusu ya Ulaya, kukaa msimu mzima wa baridi kwenye maji ambayo wenye bunduki wanayangoja, na kurudi kutaga katika matete yaleyale, kunataka kitu kingine. Kunataka nawe uwepo palepale, wiki ileile, na mtego uleule, mwaka baada ya mwaka. Ndege ametimiza upande wake. Swali ni kama mtu ametimiza wake. Huko Engure, mara 6,498 wote wawili walitimiza.

Bata walio kiini cha kazi hii ni wa aina tatu, na wote huwindwa. Wa kwanza ana mdomo uliotandaa kwenye ncha, ambao huutumia kuchuja wadudu wadogo juu ya maji. Jina lake la kisayansi ni Spatula clypeata, nami nitamwita mdomo-beleshi. Huyu hata sisi wa Afrika Mashariki tunamwona, kwa kuwa wenzake wa kaskazini hushuka hadi maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, Naivasha likiwemo, kati ya Oktoba na Aprili. Wawili wengine ni wapiga mbizi: Aythya ferina, ambaye dume wake ana kichwa cha hudhurungi iliyokolea wekundu, na Aythya fuligula, mwenye kishungi kinachoning'inia kisogoni. Nitawaita kichwa-chekundu na bata-kishungi.

Kutafuta kiota cha bata ni kazi ya miguu na macho. Watu hupanga mstari, kila mmoja na gambuti zake, na kupita kwenye magugu hatua kwa hatua wakingoja jike aruke. Bata anayeatamia hajionyeshi. Rangi yake ni ya majani makavu, naye hutulia mpaka mguu wa mtu uwe karibu kabisa kumkanyaga. Akiruka, macho yasimfuate: yabaki pale alipotokea. Chini, kwenye kishimo, kuna mayai manane, tisa, kumi, yamezungukwa na manyoya laini ambayo mama ameyang'oa kifuani mwake. Jike anayeondoka kwa hiari yake kwenda kula huyafunika mayai kwa manyoya hayo. Anayefukuzwa hapati nafasi. Kwa hiyo mtafiti ndiye anayepaswa kuyafunika, taratibu, kwa mpangilio ambao mama angeuacha, kabla kunguru hajayaona mayai kutoka juu. Anayesahau jambo hili anakihesabu kiota na papo hapo anakiua.

Kisha kuna suala la siku. Jike akinaswa mapema mno, mayai yakiwa ya siku tatu au nne, anaweza kukitelekeza kiota, maana bado hajatumia nguvu nyingi na ana muda wa kutaga kwingine. Akingojwa hadi karibu na siku ya kuangua, atarudi. Inabidi basi kujua umri wa mayai bila kuyavunja, na njia inayotumiwa na watafiti wa bata ni ya kale: yai hutiwa majini. Likiwa bichi hulala chini kabisa. Kadiri kifaranga anavyokua ndani yake, maji ya yai hupungua na hewa huongezeka. Upande mmoja huinuka, kisha yai husimama wima, kisha huelea. Mwenye uzoefu hulitazama na kusema limebakiza siku ngapi. Anaandika kwenye daftari, anapigia mstari tarehe ya kurudi, anakwenda kwenye kiota kingine. Katika msimu mmoja madaftari hujaa tarehe za namna hii, nazo haziahirishiki, kwa sababu kifaranga wa bata hakai kiotani. Akikauka, kabla siku haijaisha anamfuata mama yake majini, na hapo hashikiki tena.

Mtego wenyewe waliubuni wao. Ni tundu linalowekwa juu ya kiota, lenye mlango unaojishusha jike akishaingia. Anayelijua dema la wavuvi wa pwani yetu ataelewa upesi: mnyama huingia kwa matakwa yake, kwa kufuata kilichomo ndani, wala hakimbizwi na mtu. Tofauti ni kwamba chambo hapa ni mayai yake mwenyewe, na kila kipimo cha mtego kimefikiriwa ili yai lisipasuke na mama asijigonge. Mwaka 1983 Blums na wenzake waliuchapisha muundo huo katika jarida la Kimarekani la usimamizi wa wanyamapori. Latvia wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Makala yenyewe ni fupi, kurasa tano tu, na inahusu mlango. Mimi nadhani makala kama hizo zinastahili heshima kubwa kuliko zinavyopewa, kwa sababu takwimu zote za baadaye zilipitia mlango ule.

Pale ambapo mtego haukufaa walitumia wavu wenye mpini mrefu, na mtu aliyejua kunyatia. Jike akishapatikana, hatua ni chache: soma pete au mvike, pima bawa, mpime uzito, mwachie. Kuachia nako kuna ustadi wake. Ndege aliyerushwa hewani kwa papara hubaki na hofu ya mahali. Aliyewekwa chini kwa upole karibu na kiota chake ana nafasi nzuri ya kurudi kukaa.

Lakini kitu ninachokistaajabia kuliko vyote ni pete ya kifaranga.

Fikiria tatizo lilivyo. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu thelathini hivi, na mguu wake ni mwembamba kama njiti. Pete inayomfaa akiwa mkubwa itamvuka na kudondoka kabla hajafika majini. Pete inayomfaa leo itamkaba mguu baada ya wiki chache, nao utaoza. Kumngoja akue haiwezekani, kwa maana siku ile ya kutoka kwenye yai ndiyo siku pekee maishani mwake atakapokuwa mahali panapojulikana, pamoja na ndugu zake wote, bila uwezo wa kukimbia. Usipomvika siku hiyo, hutajua kamwe alizaliwa lini wala na nani. Na usipojua hayo, huwezi kuuliza maswali yaliyo muhimu kuliko yote: kati ya vifaranga mia wanaoanguliwa, wangapi hufika umri wa kutaga? Je, aliyeanguliwa mwanzoni mwa msimu na aliyeanguliwa mwishoni wana bahati sawa?

Jibu la Engure lilikuwa plastisini, ule udongo laini wa rangi ambao watoto hufinyangia shuleni. Walichukua pete ya ukubwa wa bata mzima, wakaijaza plastisini kwa ndani na kuacha tundu dogo tu la kupitisha mguu wa kifaranga. Pete haidondoki, kwa kuwa udongo umeushika mguu. Mguu ukinenepa, udongo unasukumwa na kulika kidogo kidogo, ukiachia nafasi kila siku kiasi kinachohitajika. Bata anapokuwa mzima udongo umekwisha kutoka na imebaki pete ya chuma, inazunguka mguuni kwa nafasi yake kama pete nyingine yoyote. Hakuna sehemu inayojongea, hakuna gharama ya kutajwa. Ni mtu mmoja aliyekaa mezani jioni akijaza udongo kwenye pete, moja baada ya nyingine, kwa maelfu. Vifaranga 65,100 maana yake ni kwamba kazi ile ya mezani nayo ilifanyika mara 65,100.

Wala hawakuiamini kwa sababu tu ilikuwa yao. Mtafiti mzembe angesema pete inakaa na kuendelea. Wao waliwavika baadhi ya vifaranga alama mbili, pete mguuni na kibati kidogo kwenye ngozi ya kati ya vidole, ili bata akirudi na alama moja ijulikane kwamba nyingine imepotea, na zinapotea kwa kiwango gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Jambo hili linaweza kuonekana la kupoteza muda mpaka mtu atambue hatari yake. Pete iliyodondoka na bata aliyekufa huonekana sawasawa daftarini: vyote viwili ni ukimya. Asiyejua ni pete ngapi hudondoka atawazika bata walio hai, na kwa hesabu hiyo atamlaumu mwindaji kwa vifo ambavyo havikutokea.

Hapa tumefika kwenye ugumu wenyewe wa kufuatilia ndege wanaowindwa. Ni rahisi kuwahesabu. Huko Mývatn, Iceland, bata huhesabiwa kila machipuko tangu mwaka 1975, na hesabu hizo ni hazina. Lakini hesabu inakuambia wamepungua. Haikuambii wamepungua kwa nini. Huenda wanakufa zaidi. Huenda wanaishi vilevile ila wanatotoa vifaranga wachache. Huenda wamehamia ziwa la jirani. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine: ukifunga uwindaji wakati tatizo ni viota vinavyoliwa na wanyama, umewakasirisha watu na hujamwokoa bata hata mmoja. Ili kuzitenganisha sababu, lazima ufuate maisha ya ndege mmoja mmoja. Na ndege mmoja mmoja hufichama.

Chukua mfano wa kubuni. Umevika pete majike 100 mwaka huu. Mwakani umewanasa 50. Je, 50 wamekufa? Huwezi kusema, maana wengine walikuwepo katikati ya matete na hukuwaona. Ngoja mwaka wa tatu. Mwaka huo umenasa 40 kati ya wale mia wa awali, na ukitazama daftari unakuta 32 kati yao uliwanasa pia mwaka wa pili, lakini wanane hukuwanasa. Hao wanane ni mashahidi. Walikuwa hai mwaka wa pili, nawe ukawakosa. Kwa hiyo katika ndege 40 ambao una hakika walikuwa hai mwaka ule, uliwaona 32, yaani wanne kwa kila watano. Basi wale 50 uliowanasa hawakuwa wote. Walikuwa wanne kwa kila watano wa walio hai, na walio hai walikuwa kama 62. Vifo havikuwa 50. Vilikuwa kama 38.

Misingi ya hesabu hizi iliwekwa mwaka 1965 na George Jolly na George Seber, kila mmoja kwa kalamu yake, na kwa Engure ziliendelezwa pamoja na James Nichols na James Hines wa kituo cha utafiti cha Patuxent huko Maryland, Marekani. Zimekuwa na matawi mengi tangu hapo. Lakini hata kwenye mfano wetu mdogo unaona zinavyodai. Zinadai mwaka wa tatu. Bila mwaka wa tatu, mwaka wa pili hausomeki. Bila wa nne, wa tatu hausomeki. Kila msimu mpya hauongezi tu habari zake, bali huufafanua ule uliopita. Anayeacha kazi mwaka wa saba hakupoteza mwaka wa nane peke yake. Ameuacha wa saba nusu gizani. Na zinadai pia juhudi isiyoyumba, kwa sababu msimu ambao watu walizembea na msimu ambao bata walikufa wengi hufanana mno.

Miaka 30 katika mfululizo mmoja. Katika muda huo nchi yenyewe ilibadilika: mwaka 1991 Latvia ilirudi kuwa taifa huru, fedha zikabadilika, taasisi zikatikisika. Safu za daftari hazikukatika.

Sasa mwindaji. Yeye ni sehemu ya kazi hii zaidi kuliko watu wanavyodhani. Msimu wa bata huko Latvia hufunguliwa Agosti, vifaranga wa mwaka wakiwa wamejifunza kuruka juzijuzi, na baadaye ndege hao hupita juu ya nchi nyingine nyingi za Ulaya, kila moja na sheria zake na bunduki zake za marisau. Bata mwenye pete akiangushwa Ufaransa, mtu aliyemwangusha huiokota ile pete, husoma namba, huandika barua. Tangu mwaka 1963 vituo vya pete vya Ulaya vina umoja wao, EURING, ili barua kama hiyo ifike pale ndege alipovikwa. Huko Engure mstari unajazwa: tarehe, mahali, amepigwa risasi.

Barua hizo ndizo zinazotuambia habari za madume, ambao ziwani hawarudi. Kwa bata, jike ndiye mwenye nyumbani. Wachumba huonana kwenye maji ya kusini wakati wa baridi, wakati ndege wa nchi nyingi wamechanganyika. Machipuko yakifika dume humfuata jike hadi ziwa alikozaliwa jike, popote lilipo. Dume aliyeanguliwa Engure anaweza kuishia kwenye ziwa la mbali kabisa, upande asiowahi kuujua mama yake. Nusu ya pete zile 65,100, basi, zilivikwa kwa ndege ambao watafiti walijua kwamba hawatawaona tena kwa macho yao. Walizivika tu. Kilichobaki kilitegemea uaminifu wa mwindaji asiyejulikana.

Si wote wanaoandika. Wengine huzitia pete mfukoni, wengine huziogopa kana kwamba ni ushahidi wa kosa. Marekani na Kanada walilikabili hili kwa kuweka pete zenye zawadi ya fedha kwa baadhi ya bata: ukilinganisha pete za zawadi zinazoripotiwa na pete za kawaida, unajua ni sehemu gani ya pete za kawaida huishia mfukoni. Huko pia, mwaka 1930, Frederick Lincoln alionyesha kwamba pete zinazorudishwa na wawindaji zinaweza kutumika kukadiria bata wa bara zima. Na mwaka 1976 David Anderson na Kenneth Burnham walitoa uchambuzi wa bata wa kichwa cha kijani, Anas platyrhynchos, ulioitikisa taaluma: ndani ya mipaka fulani, waliona, uwindaji haukuwa ukipunguza idadi ya bata wanaofika mwisho wa mwaka, kwa kuwa wengi wa waliopigwa risasi wangekufa kwa njaa, maradhi au baridi vyovyote vile, na waliobaki walipata nafasi zaidi. Ubishi juu ya hilo haujaisha hadi leo. Unategemea aina ya bata, wingi wao, na hali ya maji ya mwaka. Ninaloliona mimi ni kwamba ubishi ule uliwezekana tu kwa sababu kulikuwa na miongo ya pete za kubishania. Pasipo pete, anayependa bata na anayependa nyama yake wangebaki kupigiana kelele.

Engure ilisema nini? Kwamba bata hawa watatu, wanaoishi ziwa moja na kupigwa na majira yaleyale, wana maisha tofauti. Majike wa bata-kishungi ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuuona mwaka mwingine, kichwa-chekundu wakiwafuata, na mdomo-beleshi wakiwa wa mwisho. Kwamba jike mzima hulirudia ziwa lake kwa uaminifu mkubwa mno, kiasi kwamba asiporudi, mara nyingi kweli amekufa. Kwamba wanaowahi kutaga huacha watoto wengi zaidi wanaokuja kutaga wenyewe, kuliko wanaochelewa. Na kwamba katika maisha yote ya jike, kitu kinachoamua ataacha uzao kiasi gani ni urefu wa umri wake kuliko kingine chochote.

Hilo la mwisho lina uzito kwa yeyote anayepanga msimu wa uwindaji. Majike wengi hawaachi binti hata mmoja anayerudi kutaga. Wachache, wale wakongwe wanaorudi mwaka hadi mwaka kwenye kisiwa kilekile, ndio wanaolibeba kundi zima. Bunduki haichagui, ikimpata mmoja wa hao imeondoa kitu kisichorudi upesi. Kabla ya madaftari ya Engure mtu aliweza kulikisia jambo hili. Baada yake, lina namba.

Ziwa lenyewe halikukaa kungoja. Mifugo ilipungua kwenye kingo, majani hayakukatwa tena kama zamani, matete yakasonga mbele. Shakwe wenye vichwa vyeusi, ambao makoloni yao makubwa yalikuwa ngome ya bata, walipungua. Bata hupenda kutaga katikati ya shakwe kwa sababu shakwe ni wakali: wakimwona kunguru au mwewe wa kinamasi humvamia mia kwa pamoja. Watafiti waliosaka viota huko walifanya kazi chini ya kelele na vinyesi vyao, wakashukuru. Akaja pia minki wa Kimarekani, mnyama mdogo mwembamba aliyeletwa Ulaya kufugwa kwa ajili ya manyoya yake, akatoroka. Minki anaogelea, na shakwe hawamzuii. Anaweza kumuua jike juu ya mayai. Yote haya yanasomeka kwenye safu zilezile, kwa watu walewale waliozoea kutofautisha kiota kilichoangua, kiota kilichotelekezwa na kiota kilichoporwa kwa kutazama maganda yaliyobaki.

Na sasa kichwa-chekundu yuko matatani kote Ulaya. Mwaka 2015 aliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, ngazi ya walio katika hali tete. Hesabu za Januari zinaonyesha jambo jingine la kutia wasiwasi: katika makundi ya baridi ya Ulaya na Afrika Kaskazini, madume walikuwa kama 62 kwa kila ndege 100 mwaka 1989 na 1990, na mwaka 2016 walikuwa kama 71. Majike wanazidi kuwa wachache. Hesabu peke yake haisemi wanafia wapi: kiotani kwa meno ya minki, kwenye maji ya kusini kwa bunduki, au kwa marisau ya risasi wanayoyameza kwenye tope la ziwani wakidhani ni changarawe. Marisau hayo ya risasi yamepigwa marufuku kwenye maeneo oevu ya Umoja wa Ulaya tangu Februari 2023, na itachukua miaka kujua kama marufuku imemsaidia jike wa kichwa-chekundu.

Watajuaje? Kwa kulinganisha uhai wake wa kesho na uhai wake wa zamani, kabla idadi haijashuka kiasi hiki. Rekodi za aina hiyo, za majike wa kichwa-chekundu wanaofahamika mmoja mmoja tangu siku ya kuanguliwa, ni chache mno duniani. Engure ina miaka 30 ya hizo, zikianzia 1964. Watu walioziandika hawakuwa na namna ya kujua kwamba ndege huyu, aliyekuwa wa kawaida kabisa katika matete yao, angekuja kuhitaji ushahidi huo. Walimvika pete kwa uangalifu uleule waliompa kila bata.